Ungekuja Mapema

Nilirudi nyumbani Hasamba mwezi wa sita, kahawa ikiwa imeanza kuiva, na kwa wiki tatu za mwanzo sikumbuki vizuri kama nilikuwa macho au nimelala. Mbozi wakati ule wa mwaka ni ukungu. Unafungua mlango asubuhi, migomba haipo, zizi halipo, jirani anakohoa mahali fulani ndani ya weupe ule na hujui kama yuko mbali au yuko karibu. Nilichukua kikapu, nikaingia shambani, nikachuma. Mikono ilichuma yenyewe. Mara nyingine nilijikuta nimesimama mbele ya mti nilioumaliza zamani, vidole vinapapasa matawi matupu, na mama ananiita kutoka mstari wa pili kwa sauti iliyonifikia kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nyumbani niliwaambia nimepewa likizo.

Kazi yangu ilikuwa Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, wale wanaoshughulikia karatasi za mizigo ili malori yavuke kwenda Zambia. Nilitafutiwa na baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye alikuwa dereva wa lori la bosi wa ofisi hiyo hiyo. Niliipenda kazi ile. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, na dirisha langu lilitazama barabara kuu. Foleni ya malori ilinyooka kuelekea Mpemba mpaka macho yanachoka. Wabadilisha fedha walipunga mabunda ya kwacha, bodaboda zilipenya katikati ya matela, vumbi likipanda na kushuka, na mimi huko juu na mihuri yangu nikajiona mtu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Madereva waliniita dada karani.

Tulikuwa watatu pale kila siku: bosi, mimi, na mama mmoja wa makamo aliyefagia na kupika chai. Alivuka kwa miguu kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kila asubuhi, na kwa kuwa alikuwa Mbemba tulimwita bamayo, ndiyo kusema mama kwa lugha yao. Aliniletea viazi vitamu vya kuchemsha, vya moto bado, ndani ya kitambaa. "Mulishani, karani wangu," alinisalimia kila siku, kisha akacheka Kibemba changu kabla hata sijafungua mdomo.

Bosi alikuwa mtu wa watu. Alichangia misiba, alijua majina ya watoto wa madereva, na baba mdogo alipougua alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Nalisema hili kwa sababu baadaye kila mtu alilisema, tena kwa mshangao, kana kwamba lilikuwa ushahidi.

Jumamosi moja, saa nane mchana, aliniita chumbani kwake nikamalizie karatasi za lori lililokwama mpakani. Akafunga mlango kwa ufunguo. Sitaeleza yaliyofuata. Nilisema hapana, nikasema kwa sauti, nikasema tena. Dirisha lilikuwa wazi. Chini barabarani lori lilipiga honi, mtu akacheka, mji mzima ukaendelea na biashara zake kwenye jua kali, na kinachonirudia mpaka leo ni lile jua kuliko hata uso wake. Lilikuwa limelala juu ya meza, kwenye kioo, kimya kabisa.

Alipomaliza alichomeka shati, akasema, "Kamalizie zile karatasi, dereva anasubiri."

Nami nikazimalizia. Nilikaa mezani kwangu, nikaandika namba ya lori, uzito wa mzigo, jina la mwenye mzigo, nikapiga mhuri. Nilijiona kutoka pembeni, msichana mwenye blauzi ya bluu anaandika, nikamwonea huruma kidogo kama unavyomwonea huruma abiria usiyemjua. Kwa miaka mingi sikuweza kujisamehe mhuri ule.

Jumatatu sikwenda kazini. Nilipanda gari la Mlowo nikashukia njia ya nyumbani. Sketi na blauzi nilizitupa chooni.

Nyumbani, mwili wangu ulikuwa na mambo yake ambayo haukunishirikisha. Nilinyoa nywele, nywele nilizokuwa nimezisuka kwa miezi. Sikuweza kukaa na mgongo ukitazama mlango. Kwaya walikuja kuniita, nikafungua mdomo mazoezini na sauti ikagoma kutoka. Nilioga asubuhi, nikaoga mchana, na kwa baridi ile ya Mbozi maji ya kuoga mchana si jambo la kawaida. Mama aliona yote. Alikuwa anaongeza kuni chini ya sufuria ya maji bila kuuliza.

Nilimwambia siku tuliyokuwa tunachuma kule bondeni, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba nilimsikia tu. Labda nisingeweza kama ningemwona uso. Tatizo la kwanza lilikuwa neno. Kati yangu na mama tulizungumza Kinyiha, na neno nililolijua la jambo lile lilikuwa la Kiswahili, la redioni, la habari za watu wengine. Kinyiha changu kilikuwa cha nyumbani, cha kuni na maziwa na kusalimia wakubwa, na hakikuwa na mahali pa kuliweka. Mwishowe nikasema, "Mama, bosi alinifungia mlango, Jumamosi ile kabla sijaja. Nilikataa. Hakuacha."

Matunda yaliendelea kudondoka kwenye kikapu chake, tap, tap, mpaka mwisho wa mti. Kisha akauliza, "Ulikwenda kufanya nini ofisini Jumamosi?"

Niliendelea kuchuma. Nadhani alilisikia swali lake mwenyewe likirudi kutoka kwenye ukungu, kwa sababu alikuja akipangua matawi, sweta limelowa, akanishika mikono yote miwili ilivyokuwa imenata utomvu wa kahawa.

"Sikukuuliza hilo," alisema. "Umesikia? Sikukuuliza."

Hakuniuliza tena maisha yake yote.

Kituo cha polisi cha Tunduma nilikwenda mara ya kwanza peke yangu, maana nilimwambia mama naweza. Nilipanga foleni. Mbele yangu kulikuwa na madereva wawili walioibiwa vioo vya pembeni, nyuma yangu mwanamke mwenye ugomvi wa kiwanja. Kaunta ilikuwa ndefu na watu wameegemea kila mahali. Askari kijana, mpole kabisa, akanitazama na kalamu yake tayari.

"Shida yako, dada?"

Watu walinyamaza kidogo, kama wanavyonyamaza wakisubiri zamu. Nikasema, "Nimepoteza kitambulisho."

Akaniandikia taarifa ya upotevu. Akauliza kilipotelea wapi, nikasema sokoni. Akauliza lini, nikasema Jumamosi. Kitambulisho kilikuwa kwenye pochi, pochi ilikuwa kwapani. Nilitoka na karatasi ile yenye mhuri, nikatembea nayo mjini bila kujua ninakokwenda, nikapita kati ya malori yaliyosimama. Kila lori lilipoachia upepo wa breki, fsss, nilirukia pembeni. Nilifika nyumbani jioni. Mama akaisoma karatasi polepole, kwa kidole, akaikunja.

"Wiki ijayo tunakwenda wawili," alisema.

Wiki ile alivaa kitenge chake cha kanisani. Hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, na kwa Kiswahili chake kile cha milimani, ambacho kila neno linapanda mlima kabla ya kushuka, akasema, "Afande, tunataka mwanamke."

"Mwanamke gani, mama?"

"Yeyote mwenye koti kama lako."

Watu wakacheka, lakini askari hakucheka. Akatuelekeza nyuma, kwenye dawati la jinsia. Kilikuwa chumba kidogo chenye pazia na viti viwili. Afande mwanamke alimpa mama kiti, akanipa mimi kiti, akakaa mwenyewe juu ya kreti la soda. Nilianza kuongea saa nne na nilipomaliza kivuli cha dirisha kilikuwa kimehama ukuta. Aliandika kwa Kiswahili na mara moja moja akaniomba nimtafsirie mama tulipofika, ili asiwe nje ya mambo. Sijui kama alifundishwa kufanya hivyo au alizaliwa hivyo.

"Nguo ulizovaa?"

"Nilizitupa."

"Hospitali ulikwenda?"

"Hapana."

Akaweka kalamu chini. "Ungekuja mapema," alisema, na hakusema kwa ubaya.

Akanijazia PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali. Daktari naye, baada ya vipimo, akavua glavu akasema ningekuja mapema. Muuguzi aliyenichoma sindano akasema vile vile akinisugua bega. Nililisikia mara nyingi sana neno lile mpaka likaanza kunijia kama jina la mahali. Mapema. Nikawa naota kwamba nipo stendi na ninauliza gari la kwenda Mapema, na makondakta wanatazamana.

Vipimo vilitoka salama. Angalau hilo.

Siku nne baada ya bosi kuitwa kituoni, baba mdogo alikuja Hasamba. Alikuja na kreti la soda na sukari, akakaa sebuleni na baba, na mimi na mama tukaitwa. Hakunitazama. Alizungumza na meza.

"Kaka, yule bwana amejutia. Hataki mambo ya mahakama. Yuko tayari kuleta ng'ombe wawili, na bati za kumalizia ile nyumba. Bando nzima, si za kuokoteza. Mambo yaishe hapa hapa, ukoo usichafuke. Na mimi…" Akazungusha chupa ya soda mezani. "Mimi nina watoto wanasoma. Lori ni lake."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Alitazama nje. Nyumba yetu mpya ilikuwa imesimama miaka mitatu bila paa, ndege wamejenga ndani, na kila mpita njia aliuliza tunaezeka lini. Nilimwona anazitazama kenchi zake tupu kupitia mlango wazi, nikaelewa kwamba jibu linaweza kuwa lolote. Sikumchukia. Nilikuwa mbali sana kuweza kumchukia mtu.

Mama ndiye aliyejibu. "Shemeji, mvua ikinyesha juu ya bati hizo, mimi nitalalaje chini yake?"

Chupa za soda zilibaki mezani bila kufunguliwa, na baba mdogo alipoondoka, baba mwenyewe ndiye aliyebeba kreti akamrudishia mpaka barabarani. Hakusema kitu siku ile, wala baadaye. Lakini kila tarehe ya kesi alivaa koti, akatembea nami mpaka kituo cha gari, akasafiri nami, akakaa kwenye benchi nje ya mahakama na kofia magotini. Miaka miwili karibu. Kesi imeahirishwa, hakimu ana dharura. Kesi imeahirishwa, faili halijafika. Tulirudi tukiwa tumebeba mkate na kimya chetu.

Mwendesha mashtaka aliniambia waziwazi kwamba neno langu ni zito, ila ingefaa apatikane mtu mwingine. Nikamfikiria bamayo. Siku ile ya Jumamosi alikuwepo, vikombe vilikuwa vinagongana jikoni.

Nilimsubiri pale watu wa miguu wanapovukia. Asubuhi ile jua lilikuwa limechomoza nyuma ya vumbi, jekundu na bapa, na watu walitoka Nakonde wakielea, wanawake na mabeseni ya samaki wakavu, wanafunzi, mtu na kuku. Yeye alitokea katikati yao na kitambaa chake. Aliponiona alisimama, watu wakampita kulia na kushoto.

"Karani wangu," alisema. Hakucheka.

Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro. Alifungua kitambaa, akanipa kiazi, nikakishika tu.

"Nilisikia," alisema kabla sijauliza. "Ulisema hapana. Nikafungua bomba la jikoni, nikaacha maji yatiririke. Ili nisisikie. Ndoo ikajaa, ikamwagika, nikaacha."

"Kwa nini hukugonga mlango, bamayo?"

"Nina wanne, mwanangu, na baba yao alishakufa. Upande ule sina kazi, upande huu sina karatasi. Ni yeye anayesema mpakani, huyu ni wangu, mwacheni apite." Alijifuta mikono kwenye kitenge muda mrefu. "Nilifikiri ukiondoka itakuwa imekwisha. Ila kuna msichana amekuja baada yako. Alikuwa anaimba akifagia korido. Sasa haimbi."

Lori lilivuka, mtaro ukatetemeka chini yetu.

"Wakinipa karatasi ya kuitwa, nitakuja," alisema. "Usiniombe. Ukiniomba nitaogopa."

Sikumwomba.

Siku niliyotoa ushahidi waliwatoa watu nje, wakafunga milango. Wakili wa bosi alikuwa na sauti tamu. Alitoa ile karatasi ya lori, akamwonyesha hakimu, akaniletea.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Saa tisa na dakika kumi, siku hiyo hiyo. Hautetemeki hata kidogo. Mtu aliyefanyiwa unayosema anaandika hivi?"

Niliutazama mwandiko ule. Ulikuwa mzuri kweli. Nikahisi naanza kuondoka tena, kwenda pale pembeni ninapokwenda, na sauti ya wakili ikawa inatoka chini ya maji. Nikashika ubao wa kizimba. Ulikuwa na ufa, nikaingiza ukucha kwenye ufa mpaka ukauma.

"Ndivyo nilivyoandika," nilisema. "Nilikuwa naogopa kukosea, kwa sababu nikikosea angeniita tena ndani."

Bamayo alikuja tarehe iliyofuata, amevaa viatu vya kuazima. Alizungumza Kiswahili na Kibemba, mkalimani akimsaidia, na aliposema habari ya bomba alilia, si kwa sauti, ila machozi yalishuka tu na yeye akaendelea kuongea kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kazi alikuwa ameshafukuzwa siku alipopokea karatasi ya kuitwa. Yule msichana mwingine hakuja. Alihamia mkoa mwingine, na simlaumu. Nilikuwa namjua vizuri ingawa sikuwahi kumwona.

Bosi alipatikana na hatia. Miaka thelathini. Alikata rufaa, na rufaa ilichukua mwaka mwingine, nikiishi kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kiti. Ikatupwa.

Watu huniuliza nilijisikiaje siku ya hukumu. Nilisikia njaa. Baba aliniambia, "Twende," tukatoka, nikakuta mji ukinuka nyama choma na dizeli, nikashangaa kwamba nimesikia harufu. Furaha sikuipata siku ile wala wiki ile. Ofisi ilifungwa, madereva wakatafuta magari mengine, na wapo watu Tunduma mpaka leo wanaosema kuna msichana wa Mbozi aliyemwangusha mtu aliyekuwa analisha familia nyingi. Baba mdogo alikaa miaka minne bila kukanyaga kwetu. Kwenye msiba wa mama alikuja, akachimba kaburi pamoja na wengine, akala, akaondoka bila kuniaga. Bamayo sasa anauza samaki wakavu Nakonde. Nikivuka hunipunguzia bei na kunilazimisha nikae.

Mimi nilihamia Ndalambo, kule chini kwenye joto, ambako hakuna aliyenijua. Nina duka la mbegu na mbolea. Sauti ya kuimba ilirudi siku moja tu ya kawaida, nikiwa napanga makopo ya dawa ya mahindi. Nilikuwa nimeshaimba nusu ya ubeti ndipo nikagundua. Mume wangu anajua. Anabisha hodi kabla ya kuingia chumba chochote nilichomo, hata jikoni, na wageni humcheka.

Habari zangu zilinifuata hata huko, maana habari nazo hupanda gari. Mwanzoni niliumia. Kisha wanawake wakaanza kuja. Huja kununua mbegu. Huuliza bei, huuliza tena bei ile ile, hushika pakiti na kuirudisha, na wateja wengine wanapoisha bado wapo. Sijawahi kuwaambia wafanye nini. Wengine huongea kidogo, huondoka, na siwaoni tena. Wawili waliamua jambo lao liishie pale pale dukani kwangu, na niliwaachia uamuzi wao.

Msimu uliopita alikuja mmoja, mama wa watoto watatu, mkulima wa ufuta. Ilikuwa asubuhi na mambo yalikuwa yamempata jana yake. Hakuuliza bei.

"Wanasema wewe unaijua njia," alisema.

"Naijua. Ni ndefu."

"Nikifika pale kaunta nitasema nini, na watu wamejaa?"

"Hutasema kitu. Nitasema mimi kwamba tunataka mwanamke. Ndani utasema wewe."

Nilifunga duka, nikaandika kwenye boksi kwamba nitarudi kesho, tukapanda gari. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha usiku na wilaya yetu yote ya Momba ilikuwa inafuka mvuke, mashamba, barabara, migongo ya ng'ombe, kana kwamba nchi imetolewa jikoni. Tulipofika karibu na kituo cha polisi aliniomba tusimame kwanza, akasema hajala tangu jana. Palikuwa na mama anakaanga maandazi kando ya barabara. Tulikaa kwenye benchi lake. Alikula matatu, taratibu, akinywa chai ya rangi. Kisha akajifuta vidole kwenye khanga, akaifunga upya kiunoni, tukaingia kituoni.